Mau kwa Shilingi 600

Gawanya shilingi 600 kwa kilomita 400, utapata shilingi moja na senti hamsini. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kilomita moja ya reli kati ya Nairobi na Kisumu katika daraja la kawaida, kwa nauli iliyotangazwa treni ya abiria iliporejea Desemba 2021. Daraja la kwanza lilitangazwa kwa shilingi 2,000, sawa na shilingi tano kwa kilomita. Ukitoka mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kwenda stesheni kwa bodaboda, mwendo wa kilomita tatu au nne hivi, huwezi kumpa mwenye pikipiki chini ya shilingi 50 akakushukuru. Kwa hesabu ya kilomita, boda inakugharimu karibu mara kumi ya treni inayovuka milima ya Mau.

Kwingineko reli ya milimani haiuzwi hivyo. Norwe, nchi ya fyodi, zile ghuba nyembamba za bahari zilizochongwa na barafu katikati ya milima, ina reli ndogo ya Flåm yenye urefu wa kilomita 20 tu. Inaanzia Myrdal, mita 866 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi Flåm, mita 2 juu ya maji ya fyodi. Safari huchukua karibu saa nzima, na katikati treni husimama kwenye maporomoko ya maji ili abiria wapige picha. Nauli ya mtu mzima, kwenda tu, msimu wa watalii, hupita krona 400, ambazo kwa pesa zetu ni karibu shilingi 5,000. Gawanya kwa 20: shilingi 250 kwa kilomita. Yaani kilomita moja ya Flåm inanunua kilomita zaidi ya 160 za kwetu.

Mtu anaweza kudhani tofauti hiyo inatokana na uzuri wa mlima. Tuupime huo mlima basi.

Treni ya Kisumu inaondoka Nairobi ikiwa karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Inapanda hadi zaidi ya mita 2,200 upande wa Limuru, inatumbukia Bonde la Ufa, inapita Naivasha, na kufika Nakuru kwenye mita 1,850 hivi. Kutoka Nakuru inaanza kupanda tena: Njoro, Elburgon, Molo, hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500. Halafu inashuka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni, na kumalizia kwenye uwanda wa Kano hadi Kisumu, mita 1,140 hivi, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Jumlisha: inapanda karibu mita 1,200 na kushuka zaidi ya 1,700. Mteremko wa Mau hadi ziwani peke yake unazidi mita 1,300, mara moja na nusu ya ule wa Flåm.

Kwa ukali wa mteremko, Wanorwe wanatushinda. Kule reli inashuka mita moja kwa kila mita 18. Hapa wahandisi walijizuia wasizidi mita moja kwa kila 50. Ndiyo maana reli yetu ni ndefu na imejaa kona. Gurudumu la chuma juu ya chuma lina mshiko mdogo, kwa hiyo ukitaka kushusha treni nzito bila kuchoma breki, unaizungusha mlima badala ya kuuteremka. Kila kona ni kilomita ya ziada, na kila kilomita ya ziada ni muda. Ratiba ya kwanza ilikuwa kuondoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni na kufika Kisumu Jumamosi kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kilomita 400 kwa saa 12 ni wastani wa kilomita 33 kwa saa. Anayecheka kasi hiyo akumbuke kwamba treni ya Flåm inakwenda kilomita 20 kwa saa, na watu wanapanga foleni.

Maji ya mwishoni mwa safari nayo yanatofautiana, tena sana. Sognefjord, ambayo Flåm iko kwenye tawi lake, ina kina cha zaidi ya mita 1,300. Ghuba ya Winam, unayoiona ukisimama ufukwe wa Dunga, Kisumu, ni maji ya kina kifupi ambayo kwa wastani hayafiki mita kumi, na miezi mingine huoni maji bali magugu maji ya kijani hadi upeo wa macho. Wanorwe wana kina chao chini ya meli. Sisi tuna cha kwetu nyuma ya treni, kule juu tulikotoka.

Mlima, basi, tunao. Kinachohitaji maelezo ni ile nauli ya shilingi moja na nusu kwa kilomita: nani alilipa kilichobaki?

Mlipaji wa kwanza alikuwa hazina ya Uingereza. Mwaka 1896 bunge la London liliidhinisha pauni milioni 3 kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani. Hazikutosha. Reli ilipokamilika hesabu ilikuwa imefika karibu pauni milioni 5.5 kwa kilomita 940, yaani kama pauni 5,850 kwa kila kilomita. Desemba 1901 reli iligusa ziwa mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo, na msumari wa mwisho ukagongwa na Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji reli. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba siku hiyo Kisumu haikuwa Kenya. Ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na ndiyo sababu reli iliyoishia hapa ikaitwa Reli ya Uganda bila uongo wowote. Mpaka ulisogezwa mwaka uliofuata, 1902, njia yote ikawa chini ya utawala mmoja.

Sehemu ya Mau ndiyo iliyokula pesa na akili. Mabonde ni mengi na yamekaa karibu karibu, na kwa kujaza udongo tu usingemaliza. Wakaagiza madaraja 27 ya chuma kutoka Marekani, kwa sababu kampuni za Uingereza zilikuwa ghali zaidi na zilitaka muda mrefu zaidi. Vyuma vilikatwa na kutobolewa ng'ambo, vikavuka bahari mbili, vikapanda treni Mombasa, vikaunganishwa kwa riveti huku korongoni. Mji mdogo wa Tunnel, kati ya Kipkelion na Fort Ternan, jina lake limetokana na handaki la reli lililotobolewa mlimani. Flåm, kwa kulinganisha, ilianza kujengwa 1924 na kufunguliwa 1940: miaka 16 kwa kilomita 20, karibu kilomita 6 kati ya hizo zikiwa ndani ya mahandaki 20. Hapa kilomita 940 zilitandazwa kwa muda usiofika miaka sita.

Haraka hiyo ililipiwa na watu. Wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi. Waliokufa ni 2,493, wanne na zaidi kwa kila maili ya reli. Waliobaki Afrika Mashariki mkataba ulipokwisha ni 6,724, na baadhi ya maduka ya zamani ya Kisumu yana mizizi yake huko. Hesabu ya Wanandi waliouawa kwa kuipinga njia iliyopita kwao haimo kwenye vitabu vya gharama. Walipigana miaka kumi, wakakata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipopigwa risasi Oktoba 1905 alipokuja kwenye kile kilichoitwa mazungumzo ya amani.

Kwa miaka ishirini na kitu Kisumu ilikuwa mwisho wa reli na mwanzo wa meli. Kisha njia mpya ikatoka Nakuru kupitia Timboroa, mita 2,785, hadi Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1931 treni zikafika Kampala bila kugusa ziwa. Kuanzia hapo Kisumu ikawa tawi. Tawi hupewa mabaki: mabaki ya injini, mabaki ya mataruma, mabaki ya bajeti. Abiria walipungua, mwishowe safari zikasimama, na kwa karibu miaka kumi nyasi zilimea kati ya vyuma.

Mlipaji wa pili ni mlipa kodi wa Kenya. Mwaka 2020 na 2021 njia ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa na Shirika la Reli likisaidiwa na wanajeshi na vijana wa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa. Gharama iliyotajwa hadharani ni kati ya shilingi bilioni 3 na 4. Tuchukue 3.5 kwa urahisi wa hesabu: shilingi milioni 16 kwa kilomita. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, SGR, iligharimu shilingi bilioni 327 kwa kilomita 472, ambazo ni kama milioni 690 kwa kilomita. Kwa bei ya kilomita moja ya SGR ungekarabati kilomita 43 za reli ya zamani.

Je, abiria wa shilingi 600 anaweza kurudisha hizo bilioni tatu na nusu? Tuseme treni imejaa watu 500, wote daraja la kawaida. Mapato ni shilingi 300,000 kwa safari. Treni ya kwenda na kurudi mara moja kwa wiki inafanya safari 104 kwa mwaka. Bilioni 3.5 gawanya kwa 300,000 ni safari 11,667. Gawanya kwa 104 ni miaka 112. Na hapo hatujanunua lita moja ya dizeli wala kumlipa dereva. Kwa hiyo tusidanganyane: treni ya abiria haikurudishwa kwa sababu inalipa. Reli ilikarabatiwa kwa ajili ya mizigo, mafuta na makasha yanayofika bandarini Kisumu na kuvuka ziwa kwenda Uganda. Abiria amepewa lifti kwenye reli ya mafuta, na lifti hiyo ni msaada mkubwa kwa yeyote anayeishi kwa kibarua.

Angalia inavyokaa Nyalenda. Watu wazima wanne wa nyumba moja wanasafiri Nairobi kwenye mazishi. Kwa basi, siku za kawaida, nauli inacheza kati ya shilingi 1,200 na 1,500. Chukua 1,300, jumla 5,200. Kwa treni, kwa nauli ile ya 600, ni 2,400. Wamebakiwa na 2,800, na chumba kimoja cha mabati Nyalenda kinaweza kupangishwa kwa kiasi hicho au chini yake kwa mwezi. Desemba, basi linapopandisha bei kadiri kondakta anavyoona foleni, tofauti inazidi hapo. Kuna mzigo pia: mama mwenye gunia la omena anajua kwamba kwenye basi atabishana kuhusu buti kabla hajabishana kuhusu kiti. Basi lina faida yake, na si ndogo. Barabara ni kama kilomita 350, saa saba au nane, na linaondoka kila siku. Treni ya mara moja kwa wiki ukiikosa umeikosa.

Gharama moja haimo kwenye tiketi wala kwenye bilioni 3.5. Februari 2021, wakati njia ikisafishwa, nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa kupisha reli, na watu wanaohesabiwa kwa maelfu wakalala nje wakati wa janga la korona. Familia hizo zilikuwa hapo vizazi kadhaa. Treni inapita Kibos ikiwa imebakiza dakika chache kufika mjini, na wengi wa waliomo ndani wanafunga mabegi.

Sasa kuhusu mandhari, kwa maana watu huuliza kama safari inafaa kwa macho. Rudi kwenye ratiba. Kuondoka Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni maana yake jua linazama ukiwa hujafika Kikuyu. Ukingo wa Bonde la Ufa unapita gizani. Ziwa Naivasha gizani. Misitu ya Mau, yale madaraja 27, korongo la Fort Ternan, vyote gizani, wakati abiria wamejifunika mablanketi kwa sababu Molo usiku kuna baridi ya kutafuna mifupa. Jua linachomoza treni ikiwa imeshamaliza mlima wote. Mandhari ambayo mtu wa Flåm angeiuza kwa shilingi 250 kwa kilomita sisi tunaipitisha usiku, bure.

Ratiba hiyo haina ujinga ndani yake. Ijumaa jioni mtu ametoka kazini. Jumamosi asubuhi yuko kwao. Jumapili jioni anarudi, na Jumatatu asubuhi anashuka Nairobi aende kazini bila kupoteza siku wala kulipia malazi. Kwa mwenye kibarua cha kutwa, usiku ndio muda pekee usio na bei. Mandhari ni ya mwenye nafasi.

Asiyejali picha nzuri na anataka kuona kidogo, apande Kisumu badala ya Nairobi. Jumapili hiyo jioni bado kuna mwanga wa robo saa hivi, wa kutosha kuona milima ya Nandi ikiwa imesimama kama ukuta upande wa kushoto na miwa ya Kano ikianza. Au achague wiki ya mbalamwezi. Au, na hili nalisema bila kejeli, aombe treni ichelewe. Ikichelewa saa mbili kuja Kisumu, kunapambazuka ukiwa Koru au Muhoroni: moshi wa kiwanda cha sukari, ng'ombe wakivuka reli kana kwamba wameonyeshwa ratiba, wanafunzi wa shule ya msingi wakipunga mikono, na mashamba ya mpunga yenye maji hadi magotini. Abiria wanaolalamika kuhusu kuchelewa ndio hao hao wanaotoa simu dirishani.

Je, inawezekana kuuza mchana bila kumfukuza mtu wa usiku? Wanorwe walipitia swali hili. Reli ya Flåm ilijengwa kubeba watu na mizigo ya kawaida. Barabara zilipofika, abiria wa kila siku wakapungua, ikawa hatarini kufungwa. Mwaka 1998 uendeshaji wake wa kibiashara ulipewa kampuni ya utalii ya pale pale, nauli ikawa ya kitalii, na sasa abiria wanakaribia milioni moja kwa mwaka katika kijiji chenye wakazi mia kadhaa. Kule hesabu ilikubali kwa kuwa wenyeji walikuwa wameshahamia kwenye magari. Hapa hawajahamia, na kuwapandishia bei kwa jina la watalii kungekuwa kuwarudisha foleni ya basi.

Lakini treni moja inaweza kubeba bei mbili. Chukua behewa moja la viti 60, liambatanishwe na safari ya mchana mara moja kwa mwezi, kila kiti shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 180,000, sawasawa na abiria 300 wa daraja la kawaida. Shilingi 3,000 kwa kilomita 400 bado ni shilingi 7.50 kwa kilomita, bei ambayo mtalii aliyetoka Bergen, kule Norwe, angeomba arudie hesabu akidhani amekosea. Wakenya wenyewe wapo: wanaolipa maelfu kwa wikendi Naivasha hawashindwi na hiyo. Kinachotakiwa ni madirisha yanayofunguka, choo chenye maji, chai, na mtu anayejua kusema daraja hili lilitoka wapi. Ni aibu kupita Tunnel bila mtu wa kukuambia kwa nini panaitwa hivyo.

Muda wa kujaribu si mrefu. Mpango wa kufikisha SGR Kisumu umekuwa mezani tangu muongo uliopita. Tawi la Naivasha, kilomita 120, lilimalizika 2019 kwa karibu shilingi bilioni 150. Sehemu inayofuata hadi Kisumu, kilomita 262, iliwahi kukadiriwa shilingi bilioni 380, yaani bilioni moja na nusu kasoro kidogo kwa kilomita, na ramani yake inapita Narok, Bomet na Nyamira. Haigusi Mau Summit. Haigusi Londiani wala Fort Ternan. Siku itakapofunguliwa, njia ya madaraja yale itabakiwa na mizigo, kama itabakiwa na chochote.

Nauli je? SGR ya Mombasa ilianza 2017 kwa shilingi 700 daraja la kawaida, ikapanda hadi 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Kwa kilomita 472 hiyo ni shilingi 3.18 kwa kilomita. Kiwango hicho kikitumika kwa kilomita 382 za Nairobi hadi Kisumu kupitia Naivasha, tiketi inakuja kama shilingi 1,215. Ni bei ya basi, kwa muda mfupi zaidi, na ni mara mbili ya ile nauli ya 600 ya mama wa omena kuvuka Mau usiku. Wale watu wanne wa Nyalenda wataulizwa 4,860 badala ya 2,400.